Chawa wa Mtandaoni

"TANGAZO KWA UMMA. Kwa kuwa Taifa limo hatarini, kuanzia leo kila rafiki wa mtandaoni ataletwa kaunta akaguliwe chawa kabla ya kuruhusiwa kuongea na msomaji. Maktaba itakayokaidi itapoteza ruzuku ya serikali kuu."

Tangazo hilo tukufu lilibandikwa kwenye mlango wa maktaba ya mji mdogo jimboni Nebraska, Marekani, Jumatatu moja ya majira ya joto mwaka 2006, wabunge wa Washington wakiwa mbioni kutunga sheria ya kufunga tovuti za marafiki kwenye kompyuta za shule na maktaba. Halikutoka serikalini. Lilitoka kwa Tanner Vrbka, kijana wa miaka kumi na sita, aliyejibanza nyuma ya rafu ya vitabu vya kilimo akisubiri watu wacheke.

Hakucheka mtu. Wajumbe wa bodi ya maktaba waliwapita wale chawa kwa uso mkavu, wakafika kwenye neno ruzuku, wakashtuka. Bila ruzuku, bili ya mtandao ingewashinda. Jioni ile ile, juu ya sahani ya kolachi, vile vitumbua vya Kicheki vya plamu, walipiga kura: tovuti zile zifungwe kwa wote, ili sheria ikija iwakute wameshatii.

Tanner alijiona bingwa mpaka Jumamosi.

Jumamosi ilikuwa siku ya kuandikiana na dada yake Dana, askari huko Iraki, kupitia tovuti mojawapo ya zile. Nyumbani kwao hakukuwa na mtandao, na shuleni tovuti hizo zilishafungwa. Wiki iliyotangulia Dana alikuwa ameandika: "Tunahamishwa, mchekeshaji wangu. Jumamosi ingia, nitakwambia utanipataje huko."

Tanner akaketi kwenye kompyuta ya dirishani, akabonyeza. UKURASA HUU UMEZUIWA. Akabonyeza tena, safari hii taratibu, kama anayebembeleza.

"Utakitoboa hicho kipanya," alisema Bi Kucera, mkutubi, kutoka kaunta.

"Nifungulie dakika moja tu, Bi Kucera. Dana ananisubiri."

"Wangefungiwa watoto tu, ningekwambia mlete baba yako, yeye ni mtu mzima. Sasa hata baba yako haruhusiwi."

"Lakini lile tangazo si la kweli! Lina chawa!"

"Niliwaambia wajumbe. Nikawasomea chawa kwa sauti, mara mbili. Mwenyekiti akaniambia, 'Lorene, Washington wameshaandika mambo ya ajabu kuliko hayo.'"

"Waambie tena."

"Hawakutani mpaka mahindi yavunwe."

Tanner alitazama skrini. Pembeni dakika za zamu yake zilizidi kupungua, nusu saa nzima ya kutazama ukurasa uliozuiwa, na mahali fulani ng'ambo ya dunia dada yake labda alikuwa anafunga begi.

Bi Kucera akaja na karatasi mbili, akaziweka mezani. Moja ilikuwa lile tangazo. Nyingine ilikuwa ratiba ya hadithi za watoto, iliyochapwa pale pale maktaba. Zote mbili zilikuwa na mstari mweusi uleule ubavuni.

"Printa yangu inachafua hivi tangu Pasaka," alisema. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililommaliza Tanner. "Nani alikuwa hapa Jumatatu, mwanangu?"

Tanner alitafuta mzaha, akaukosa.

"Mimi," alisema. "Chawa ni wangu. Na habari ya ruzuku niliiweka mimi, ili lionekane la kweli."