Kichupa Kilichoonekana Kitupu

Maabara nzima ilimwita Bibi Kanuni, lakini wa kumwita hivyo usoni alikuwa hajazaliwa. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa fundi wa maabara ile, na hapakuwa na ukuta usio na karatasi yake, imeandikwa kwa wino mweusi na herufi kubwa. Simu zibaki nje. Glavu hazishiki kitasa. Na juu ya meza ya kupokelea mizigo kulikuwa na ile ambayo wanafunzi waliikariri kabla hawajajua choo kiko wapi: ZUNGUSHA KABLA YA KUFUNGUA.

Kanuni hiyo ilihusu praima. Praima ni vipande vifupi vya DNA ambavyo havikutoka kwa mmea wala mnyama. Unaandika herufi ishirini hivi unazozitaka, unazituma kiwandani, na huko mashine inaziunganisha moja baada ya nyingine mpaka kipande kinakamilika. Unaletewa kimekaushwa, ndani ya kichupa kidogo kama ncha ya kidole. Ukikitazama utaapa umetapeliwa, maana huoni kitu. Kumbe mna utando mwembamba, mwepesi kiasi kwamba safarini hurukaruka na kunasa popote, hata kwenye kifuniko. Ndiyo sababu kichupa huzungushwa kwanza kwa mashine, ili utando ushuke chini. Ukikifungua kwa pupa, utabaki umeshika plastiki.

Jumatano ile zilifika praima mbili za kupimia virusi vya mihogo, na hakuna aliyezisubiri kama Bibi Kanuni. Mdogo wake wa kiume alikuwa mkulima wa mbegu za mihogo. Aliotesha na kuwauzia wenzake vipando. Shamba lake lilikuwa na mistari kumi na saba, na afisa wa mbegu alikuwa ameona majani yaliyojikunja hapa na pale. Amri ilikuwa fupi: Ijumaa saa sita mchana kila kitu kinang'olewa na kuchomwa moto, isipokuwa mstari ambao maabara itathibitisha hauna virusi. Mstari wa mwisho, ule wa ukingoni, ulitokana na muhogo wa mama yao. Mama alikuwa amefariki miaka sita iliyopita, na muhogo wa aina ile ulikuwa haupatikani tena kwingine kokote.

Daktari, mkuu wa maabara, aliyajua yote hayo. Ili pasiwe na maneno, alizipa sampuli za mistari namba zake mwenyewe, zisizofuata mpangilio wa shamba, na kuifungia orodha kwenye droo yake. Hata fundi hakujua namba ipi ni ya mama.

Fundi alikuwa ameshazungusha kichupa cha kwanza, amekitia maji, amekitikisa vizuri, yote kwa mujibu wa kanuni. Alipokishika cha pili, simu ikatetema mfukoni. Ndiyo, mfukoni, ndani ya maabara. Tangu asubuhi alikuwa ameificha huko kama mwanafunzi mtoro.

"Dada, wameshachomeka bendera nyekundu," mdogo wake alisema. "Wanauliza kama nina petroli au walete yao."

"Usiwape kitu. Praima ninazo mkononi."

"Fanya upesi basi, dada."

Akafanya upesi. Simu ilikuwa imebanwa kati ya sikio na bega, kidole gumba kikakibenua kifuniko, akatia maji, akafunga, akatoka koridoni kumaliza kumtuliza mdogo wake. Aliporudi alikiweka kichupa kwenye barafu pamoja na mwenzake, akaendelea na kazi. Haraka haraka haina baraka. Alikuwa amewaambia wengine maneno hayo mara elfu.

Mchanganyiko wa kupima uliandaliwa na mwanafunzi wa uzamili, mama wa mtoto mmoja, mwenye mkono mtulivu na maneno machache. Jioni walipoiweka jeli, kile kipande laini ambamo DNA iliyonakiliwa hung'aa, chini ya mwanga wa urujuanimno, haikuonyesha chochote. Sampuli za mistari yote kumi na saba zilikuwa giza.

Simu ya mdogo wake ilimkuta fundi akiwa getini.

"Mmeona nini?"

"Hatujaona kitu."

"Alhamdu... basi ni safi! Si umesema hamkuona kitu?"

"Mdogo wangu, hata kipofu haoni kitu." Ilimuuma kusema hivyo. "Tuliweka na sampuli ya muhogo tunaoujua ni mgonjwa. Nao haukuonekana. Maana yake kipimo chenyewe hakikufanya kazi."

Angeweza kunyamaza. Mdogo wake asingejua, na huenda hata afisa asingeuliza. Fikra hiyo ilimpitia, akaitazama mpaka ikaona haya na kuondoka. Lakini fikra nyingine iliingia naye kitandani na haikutoka. Kichupa cha pili, je, alikizungusha? Alijua jibu. Alijua tangu alipokuwa getini.

Alhamisi asubuhi Daktari aliwaita wote wawili kwenye meza ya kupokelea mizigo.

"Praima hufanya kazi kwa jozi," alisema, ingawa hakuna aliyehitaji kuambiwa. "Moja inashika mwanzo wa kipande cha virusi, nyingine inashika mwisho, mashine inanakili kilicho katikati. Moja ikikosekana hupati kitu. Kidole kimoja hakivunji chawa." Akamgeukia mwanafunzi. "Una hakika uliweka zote mbili?"

"Niliweka, Daktari."

"Na vipimo?"

"Vilikuwa sawa." Sauti yake ilipungua. "Nadhani vilikuwa sawa."

Daktari akashusha pumzi. "Basi ni wewe au ni kiwanda. Nitawaandikia barua watutumie nyingine. Wiki tatu." Akavichukua vile vichupa viwili na kunyoosha mkono kuelekea pipa la taka.

Bibi Kanuni alimtazama mwanafunzi. Tayari binti yule alikuwa anajihesabia makosa kwa vidole, akitafuta lililo lake, kama wafanyavyo watu waaminifu wanaposingiziwa. Fundi akaona aibu. Miaka kumi na tisa ya jina jema ilikuwa upande mmoja, na upande wa pili mtoto wa mtu alikuwa anabeba mzigo usio wake.

"Usitupe," alisema. "Si yeye. Wala si kiwanda. Ni mimi. Cha pili nilikifungua bila kukizungusha."

Walimtazama yeye, kisha wakaitazama karatasi ukutani, kisha wakamtazama tena.

"Wewe?" Daktari aliuliza.

"Mimi. Nilikuwa kwenye simu."

"Simu? Humu ndani?" Mwanafunzi alishindwa kujizuia. Kichupa kilikuwa jambo moja. Simu ilimshtua zaidi. "Bibi Kanu... samahani, mama."

"Sema tu. Leo nimestahili."

Daktari hakucheka, wala hakugomba. Huyu ndiye mama aliyemfundisha kushika pipeti, zamani, alipokuwa mwanafunzi mwenye mikono inayotetemeka. "Basi imeruka," alisema taratibu. "Imeshapotea. Pole, mama."

Mwanafunzi alikuwa amekunja uso. "Mama, ulipokifungua, kifuniko kilielekea wapi?"

"Juu. Nilikibenua tu, kikabaki kinaning'inia."

"Na baada ya kutia maji, ulikitikisa?"

Fundi alifikiri. Aliona tena mkono wake, kifuniko, mlango wa koridoni. "Sikukitikisa. Nilikifunga nikatoka. Niliporudi nikakiweka kwenye barafu kikiwa wima."

"Na mimi nilichota chini kwa pipeti, sikukigeuza." Mwanafunzi alikuwa ameshasimama. "Kama utando ulinasa kwenye kifuniko, basi maji hayajaugusa. Bado umo."

Daktari alikitazama kichupa alichokuwa karibu kukitupa, akakirudisha mezani kwa vidole viwili, polepole, kama mtu anayeweka yai.

Kwanza walichota tone moja kutoka chini na kuliweka kwenye mashine inayosoma kiasi cha DNA. Ilisoma sifuri. Kisha fundi akakigeuza kichupa kichwa chini, maji yakakimbilia kifunikoni, akakifumbata kiganjani kukipasha joto. Dakika kumi alikaa hivyo, ameinamisha kichwa. Wanafunzi wengine walipita wakidhani anaomba dua, na hawakukosea sana. Halafu akakitikisa, akakizungusha mashineni mara mbili, moja ya kanuni na moja ya adhabu, akatoa tone lingine.

Namba ilipanda. Haikufika pale karatasi ya kiwanda ilipodai, kwa kuwa punje nyingine bila shaka zilikuwa zimekwenda na upepo, lakini ilitosha na kubaki.

"Andaa mchanganyiko," alimwambia mwanafunzi. "Kwa mkono wako uleule."

Saa tisa alasiri waliizunguka jeli watatu. Mwanga ulipowashwa, kitu cha kwanza kilichong'aa kilikuwa sampuli ya muhogo mgonjwa, mstari mnene usio na shaka. Sasa kipimo kilikuwa na macho. Kwa hiyo giza la leo lilikuwa giza la kuaminika, na fundi alianza kulihesabu. Namba mbili ilikuwa giza. Tano iling'aa. Sita giza. Kumi na moja iling'aa. Kumi na tano pia. Zilizobaki zote zilikuwa nyeusi tii.

Tatu zilikuwa na virusi, na kumi na nne zilikuwa safi. Daktari alikwenda kufungua droo, na koridoni nyayo zake zilisikika zikienda, zikichelewa, zikirudi. Akamkabidhi fundi orodha na hati ya majibu yenye muhuri, bila kusoma kwa sauti. Bibi Kanuni alipitisha kidole kwenye karatasi mpaka mwisho, kisha akavua glavu. Alikuwa analia na hakuona sababu ya kujificha.

Akamkabidhi mwanafunzi kalamu nyeusi. "Chini ya ile karatasi yangu, ongeza: Halafu tikisa. Na uweke jina lako, si langu."

Simu alikwenda kuipigia nje, ng'ambo ya geti, kama kanuni inavyosema.

"Hati ya afisa nakutumia sasa hivi," alisema. "Ng'oa mstari wa tatu, wa nne na wa tisa. Ichome yote, usiache hata kijiti. Kumi na nne umebaki nayo."

Alimsikia mdogo wake akivuta pumzi, kama alivyokuwa akivuta utotoni kabla ya kuuliza jambo analoogopa jibu lake.

"Na wa mama?"

"Wa mama kata vipando," alisema. "Na mimi uniwekee. Nina kipande cha uwanja nyuma ya nyumba."