Zamu ya Maji ya Safdar

Mke wa Safdar alipofariki, mwanawe Heybat alimtoa kijijini akamleta kuishi naye mjini Qom, Iran. Walipatana hivi: mzee akae mpaka lozi zivunwe, na asipopazoea atarudi kijijini.

"Pale kona, baba, kuna mwokaji mikate Mturuki, mtu wa Tabriz," Heybat alimwambia. "Mtapiga soga mpaka mkaukiwe mate."

Safdar alifurahi. Tangu utotoni amewasikia Waajemi wakituita sisi Wakhalaji, watu wa vijiji vya huku, "Waturuki", na hakuwahi kuona sababu ya kubisha. Asubuhi yake alivaa koti la sikukuu, akapanga foleni. Alipofika mbele alimsalimu mwokaji kwa Kikhalaji, akamuuliza habari za kwao, kisha akamweleza kwamba amefiwa na mke.

Mwokaji, jina lake Eyvaz, alibaki na donge la unga mkononi. "Rudia, mzee wangu."

Safdar akarudia, polepole.

"Naokota neno hapa, neno pale," Eyvaz alisema, akicheka bila ubaya. "Kituruki hicho umekitoa wapi, kwenye safina ya Nuhu?"

Foleni nzima ikacheka. Safdar naye akacheka. Wasomi husema lugha yetu ilijitenga na ndugu zake zamani sana, ikabaki na mambo ambayo wao wameshayaacha. Huenda ni kweli.

Eyvaz alikuwa mtu mwema. Alimchagulia mkate wenye ufuta mwingi, akamuuliza hali kwa Kiajemi. Safdar akajibu kwa Kiajemi kwamba hajambo. Habari za mkewe hakuzirudia.

Baada ya hapo akawa ananunua mkate na kurudi. Nyumbani wajukuu walimsemesha Kiajemi. Heybat alikielewa Kikhalaji vizuri, ila alijibu kwa Kiajemi, lugha ya ofisini. Siku moja Mahrokh, mke wa Heybat, alimkuta jikoni akiligombeza birika kwa lugha yake, kwamba limechelewa kuchemka.

Ijumaa moja wakila, simu ya Heybat ililia. Alikuwa Sanam, jirani mjane wa kijijini, ambaye zamu yake ya maji hutangulia ya Safdar, na aliyekubali kumwagilia lozi zake. Kwetu, mwenye zamu ya mfereji akimaliza hupaza sauti kumwita anayefuata, na huyo asipojibu, maji hayageuzwi.

"Shangazi, geuza tu," Heybat alisema. "Baba yuko huku."

"Nimwibie zamu? Hebu mpe simu!"

Safdar aliishika simu mbali na sikio. Sauti ya Sanam ikajaa chumba, kwa Kikhalaji, kama anaita ng'ambo ya bonde: "Safdar! Maji yako haya! Na wewe umekufa?"

Mzee alisimama, akajibu kwa ukelele uliomfanya Mahrokh aangushe kijiko: "Nimeyapokea! Yalete, mwanamke, unanikaushia miti!"

Wajukuu wakaangua kicheko. Kwenye simu ulisikika mlio wa koleo likifungua mfereji, kisha maji. Sanam alikuwa ameisahau simu. Safdar alisikiliza mpaka laini ilipokatika.

"Huko utakuwa peke yako, baba," Heybat alisema, kwa Kikhalaji, mara ya kwanza tangu wafike.

"Na huku?"

Heybat akachukua simu, akauliza gari la kijijini huondoka saa ngapi.

Kesho yake, ingawa lozi zilikuwa bado kuvunwa, Safdar alipitia kwa Eyvaz kabla ya kupanda gari la kurudi kijijini. Alichukua mikate miwili, mmoja wake na mmoja wa Sanam.