Jipu Nililolikalia

Jipu lilinitoka tako la kushoto, mahali pasipoonyeshwa mtu, sembuse mkwe. Nikawa nakaa upande kama kuku anayetaga, nikiulizwa nasema ni kiuno, uzee huo.

Lilipopasuka likachafua shuka. Nikangoja mke wa mwanangu aende dukani, nikaifua haraka kwenye beseni la nepi za mjukuu, maji baridi, sabuni ya kupitisha tu. Kuchemsha niliogopa, angerudi akauliza nachemshia nini. Nikaianika nyuma ya mlango, chini ya koti, usiku nikailalia mbichi. Siku nne hivyo hivyo.

Wiki haijaisha, Kibonge wetu wa miezi mitano akatokwa na majipu matatu mapajani. Mwanangu akamgeukia mkewe.

"Nguo za mtoto unafua au unalowesha tu?"

Nami, badala ya kufunga mdomo, nikadakia, "Enzi zetu tulikuwa tunachemsha."

Mkwe wangu akainamia beseni. Alikamua nepi mpaka vidole vikawa vyeupe.

Mimi na mkwe tukampeleka mtoto zahanati. Nesi akauliza, "Nyumbani kuna mwingine mwenye jipu?"

"Hakuna," mkwe akajibu.

Nesi akatueleza taratibu: usaha una bakteria, maji baridi na sabuni kiduchu hayawaui, yanawahamisha tu nguo hadi nguo, na nguo ikikaa mbichi gizani wanazaana. Dawa yao maji ya moto, jua kali na pasi. Mkwe wangu akainamisha kichwa, akaanza kuomba radhi kwa kosa lisilo lake.

Hapo nikashindwa. "Ninalo mimi. Na shuka nimefulia beseni la mtoto."

"Liko wapi, bibi?"

Nikakigusa kiti nilichokalia. Nesi akajikohoza kuficha kicheko.

Mkwe wangu hakucheka. "Kumbe, mama," akasema polepole, "nyani haoni kundule." Masikio yakaniwaka moto.

Jioni mwanangu alimkuta mkewe anachemsha nepi. "Leo ndiyo umekumbuka?"

Mkwe akanitazama, akaendelea kugeuza nepi. Angeweza kusema; aliniachia mwenyewe.

"Muulize mama yako," nikasema. Nikamweleza yote, nimesimama, maana kukaa nilikuwa siwezi. Alipomaliza kusikia akamgeukia mkewe, mdomo wazi.

"Anza na samahani," nikamwambia. "Mimi yangu nimeitoa njiani mara mbili, na bado naiona haijatosha."