Bastola ya Marehemu Kaka

Kituoni walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa tabia yake ya kuchoma palepale panapouma. Alikuwa mpelelezi wa kesi za mauaji. Miaka ya nyuma alimzika kaka yake, askari mwenzake, aliyesemekana kupigwa risasi na majambazi walioondoka na bastola yake ya kazi. Faili lilifungwa kabla udongo wa kaburi haujakauka. Aliyelifunga ni Mkuu wa Upelelezi mwenyewe, akimpigapiga Sindano begani: "Yaliyopita si ndwele, binti yangu."

Kwa Sindano yalikuwa ndwele, na hakuwahi kupona.

Sasa askari wawili wa kikosi kilekile cha marehemu walikuwa wameuawa, mmoja kwenye kiti cha kinyozi, mwingine akiosha gari lake mbele ya nyumba. Mtaalamu wa maabara alimwita Sindano, akafunga mlango, akamsogezea hadubini.

"Maganda haya ya risasi yametoka bastola moja," alisema. "Nikayalinganisha na ya kesi za zamani. Pole, dada. Ni bastola ya kaka yako."

Sindano aliinama akatazama. Mikwaruzo ilikuwa ileile. Hakulia, machozi yalikwisha zamani, kilichobaki kilikuwa kikavu na chenye makali.

Mkuu naye alishapata mtu wa kubebeshwa mauaji hayo, fundi wa kuchomelea mageti aliyewahi kufungwa kwa wizi, akaoneshwa kwenye televisheni na pingu zake. Mkuu alikuwa akitajwa kukalia kiti cha juu kabisa cha polisi, na anayepanda mti hapendi mtu atikise shina. Sindano akapeleka majibu ya maabara, pamoja na shaka yake juu ya faili ambalo Mkuu alilifunga haraka, kwa Naibu wa Mkuu, aliyekuwa akikimezea mate kiti hichohicho. Naibu alisoma, akatabasamu, akayafungia kwenye droo.

"Umefanya kazi nzuri. Nitazungumza na Mkuu, ajitoe mwenyewe. Tumalize kiutu uzima."

"Na kaka yangu, afande?"

"Fahali wakipigana, Sindano, wewe usikubali kuwa nyasi."

Akatoka ameelewa. Damu ya kaka yake ilikuwa imegeuzwa karata. Kwa njia ya makaratasi, Mkuu angestaafu na kupewa hotuba ya kumuaga.

Wa kikosi kile alibaki mmoja tu, mtunza ghala la silaha. Walimwita Mafuta, kwa kuwa mikono yake ilinukia mafuta ya bunduki hata siku ya harusi yake. Alikuwa amekula nyumbani kwa mama yake Sindano mara zisizo na hesabu, na ndiye aliyebeba jeneza upande wa kichwani. Sindano alimkuta kati ya makabati ya chuma, akifuta bunduki ambayo tayari ilikuwa inang'aa.

"Wenzako wamekwisha, shemeji," alisema. Ndivyo alivyomwita tangu zamani, kwa utani. "Zamu ya nani?"

Kitambaa kilimdondoka. Akaketi juu ya sanduku la risasi, akasema yote, kama mtu anayetapika. Kaka alikuwa amekataa kuficha vifo vya vijana ambao kikosi kiliwapiga risasi wakiwa wamenyoosha mikono juu. Mkuu akamwita faragha, wenzake watatu wa kikosi wakiwapo, akampokonya bastola, akammaliza nayo. Silaha ikafutwa namba, ikalala humu ghalani, maana nani atatafuta bunduki kati ya bunduki?

"Akiitaka nilimpa, akimaliza aliirudisha," Mafuta alinong'ona. "Sasa anakitaka kiti, anatumaliza sisi tuliokuwapo. Safari hii hajairudisha."

"Na wewe, siku ile, ulifanya nini?"

"Mimi nilimshika miguu tu, dada. Miguu tu."

Sindano alizungumza kwa upole ambao ungemwogopesha mtu anayemfahamu vizuri.

"Mpigie Mkuu. Mwambie unataka kwenda kuungama. Atakuja kwako mwenyewe, hawezi kumtuma mtu. Mimi nitakuwa chumba cha pili na askari wangu."

"Utaingia kabla hajaitoa?"

"Nitaingia kwa wakati wake."

Mkuu alikuja nyumbani kwa Mafuta alasiri, amevaa kiraia, kofia imeshuka machoni. Kupitia upenyo wa pazia Sindano aliwaona wakiketi, wakaulizana habari za watoto. Mafuta alikuwa akitupa macho kwenye pazia. Mkuu akainuka kana kwamba anaaga, mkono ukaingia ndani ya koti, ukatoka na bastola.

Askari aliyekuwa kando ya Sindano akasogea. Sindano akamshika kifundo cha mkono, akakibana.

Mafuta aliita, "Dada!" Mlio ukajaza nyumba.

Hapo ndipo Sindano aliposogeza pazia. Mkuu aligeuka, akakuta midomo ya bunduki imemwelekea, bastola ya moto bado mkononi mwake. Alimtazama aliyelala sakafuni, kisha Sindano, na uso wake ukabadilika taratibu.

"Ulikuwa hapo muda wote," alisema. "Ulingoja."

"Ulinifundisha mwenyewe, afande. Kesi bila maiti ni maneno matupu. Weka chini bastola ya kaka yangu."

Naibu alikipata kiti, kama alivyotaka, ingawa hakubakiwa na karata ya kumtishia mtu. Fundi wa mageti alirudi kwake. Mkuu alihukumiwa kifungo cha maisha, na Sindano alihudhuria kila kikao, ameketi mahali ambapo mshitakiwa hakuweza kukwepa kumwona. Yule askari aliyeshikwa mkono aliulizwa mahakamani kwa nini walichelewa. Akajibu kuwa mambo yalikwenda haraka. Baadaye aliomba uhamisho, na hakumuaga Sindano.

Siku ya hukumu Sindano alikwenda kwa mama yake, akamweleza. Mama alikuwa akikunja nguo. Alisikiliza hadi mwisho.

"Na yule mwenzake aliyekuwa anakuja kula hapa?"

"Amekufa, mama. Alimshika mwanao miguu."

Mama alinyoosha shati juu ya mapaja yake, akalikunja, akalifungua, akalikunja tena.

"Ungeweza kumwokoa?"

"Ndiyo."

Mama alisogea kidogo kwenye mkeka, akampa bintiye nafasi, na Sindano akaketi, akachukua nguo nyingine, akaanza kukunja.