Ramani Inayovuja Sebuleni kwa Mvumbuzi

Saa nne na robo asubuhi, binti anayetembeza wageni katika nyumba ya mvumbuzi, ambayo sasa ni makumbusho, alibadilisha ndoo chini ya ramani ya ukutani. Ramani yenyewe ilivuja sehemu moja tu, pale kwenye nukta ya buluu, penye chemchemi. Ndoo ilijaa mara mbili kwa siku, Jumapili mara tatu. Fundi bomba alishakuja, akagonga ukuta, akasema humu hamna bomba, akaenda zake.

Siku hiyo bibi yake binti alikuja kutembea, kavaa viatu vyake vya harusini. Akakinga kiganja, akaonja.

"Maji ya kwetu haya."

"Bibi jamani, usinywe maonyesho!"

"Maonyesho kitu gani? Nimeogeshwa maji haya mimi."

Kibao kilisema mvumbuzi aliigundua chemchemi hiyo na kuipa jina la mbwa wake. Mbwa alikuwepo pia, ndani ya kabati la kioo, kajazwa pamba, macho ya gololi. Bibi, ambaye macho yamechoka kwa herufi ndogo, aliomba asomewe tena. Kabla ya mbwa, alisema, chemchemi ilikuwa na jina la bibi yake yeye, aliyeichimbua kwa jembe. Sasa hata wajukuu waliotapakaa kule kwao wanaiita kwa jina la mbwa. Lile la kwanza amebaki analijua yeye peke yake, na alitaka liandikwe kibaoni kabla hajafumba macho.

Mkuu wa makumbusho akaitwa. Alikuwa na adabu zake zote.

"Shikamoo mama. Una hati yoyote?"

"Marahaba. Hati si hiyo inachuruzika?"

Mkuu aliisogeza ndoo kidogo, zulia lisilowe. "Maji hayana mhuri, mama."

Wote wakachungulia ndoo. Kweli, hayakuwa nao.

Tangu hapo bibi huja kila Jumanne na dumu lake. Wamemzoea, mlinzi humbebea mpaka kituo cha basi. Kibao kipya kimewekwa: *Angalia, sakafu inateleza.* Mlangoni, kwenye daftari la wageni, pale palipoandikwa "Unatoka wapi", bibi huandika lile jina la kwanza la chemchemi polepole, herufi moja moja, kama alivyofundishwa na bibi yake. Karani humsubiri amalize, humpa pole ya safari, kisha hulikata kwa mstari na kuandika juu yake, kwa mwandiko mzuri kabisa, jina la mbwa.