Shuka ya Kitanda cha Nne

Saa nne kamili asubuhi mashine za kufulia zilizimwa, na wafanyakazi wa chumba cha dobi cha hospitali wakakaa juu ya masanduku ya sabuni kunywa chai. Mapumziko yalikuwa ya dakika ishirini. Simu ya mpiga pasi iliegemezwa kwenye debe la wanga, na mbele yake walijipanga watu watatu. Wa kwanza alikuwa mpiga pasi mwenyewe, mwenye vidole vyepesi kuliko wote. Wa pili alikuwa fundi wa boila, mtu mwenye jibu la kila swali, na mara nyingine majibu mawili. Wa tatu alikuwa mshonaji wa viraka, mama mtu mzima ambaye hospitali nzima ilimwita Shangazi, hata madaktari waliomzidi umri.

Gemu yao ilikuwa ya hadithi, na iliitwa Mpangaji. Mwanamke mmoja anahama nyumba hadi nyumba akimtafuta dada yake aliyetoweka, na kila akiweka kiganja ukutani, ukuta unamrudishia maneno yaliyowahi kusemwa humo chumbani. Walikuwa wamefika sura ya tano, na hapo wamekwama wiki ya pili. Gemu haikuwa ngumu. Walikuwa hawajakubaliana uwezo ule unafanyaje kazi, na Shangazi alikataza mtu asigonge mlango mwingine kabla ya kujua mbivu na mbichi.

Fundi alishikilia kwamba ukuta hukumbuka neno la mwisho tu. Akija mwingine akasema lake, la kwanza limefutika, basi. Ushahidi wake ulikuwa jikoni, sura ya tatu. Shangazi alisema la hasha: ukuta hushika neno lisilojibiwa, na utalishika hata wapite watu mia, mpaka siku litakapojibiwa. Ushahidi wake ulikuwa mlango wa sura ya tano, uliosema "Nifungulie" Jumatatu, ukasema "Nifungulie" tena Ijumaa. Fundi aliita hiyo hitilafu ya waliotengeneza gemu. Kulikuwa na kundi la wapenzi wa Mpangaji kwenye simu, watu zaidi ya elfu mbili, nao walikuwa wamegawanyika vivyo hivyo. Fundi alikuwa ameshatolewa humo mara mbili kwa matusi, akaomba radhi, akarudishwa.

Jumanne, mara tu baada ya chai, shuka ya wadi ya tatu iliuliza chini ya pasi nani kafungua dirisha. Ilikuwa sauti ya mwanamume mwenye mafua. Mpiga pasi aliigeuza akapiga upande wa pili, maana rundo lilikuwa refu na makunyanzi hayangojei mtu. Foronya iliyofuata ilitaka kujua kama leo ni Alhamisi.

Kesho yake aliwaeleza wenzake. Fundi aliuliza kama pasi ilikuwa ya moto sana au ya wastani. Shangazi aliuliza kama yule wa dirisha alijibiwa. Wakatumia mapumziko yote kupima, na walipomaliza walijua mambo mawili: aliye karibu yeyote husikia, na mkono lazima uwe wa mpiga pasi. Fundi alijaribu kwa mkono wake akaambulia alama ya kuungua yenye umbo la pasi, na foronya ile ikageuzwa kitambaa cha kufutia sakafu.

Mpiga pasi hakucheka. Tangu asubuhi alikuwa akifikiria mihuri.

Katika chumba kile cha dobi kila shuka hugongwa mhuri kwenye pindo, namba ya wadi na namba ya kitanda. Utaratibu huo ulianza zamani, wadi zilipokuwa zinaibiana shuka na manesi wanarushiana maneno kwenye ngazi. Kila kitanda kina shuka tatu. Moja imelaliwa, moja inafuliwa, moja iko kabatini, na hazihami kitanda mpaka zichakae. Miezi mitano nyuma mama yake mpiga pasi alikuwa amefia wadi ya sita, kitanda cha nne, saa nne na robo asubuhi. Mpiga pasi alikuwa ghorofa mbili chini, juu ya sanduku la sabuni, anafungua sura ya kwanza.

Cheti kilisema marehemu alifariki usingizini, kwa utulivu, bila kuomba msaada. Alikuwa anakijua kwa moyo. Kilikuwa kimemfaa siku nyingi, ingawa pale kwenye utulivu alikuwa akisita. Mama yake hakuwahi kufanya lolote kwa utulivu. Hata chumvi aliiomba kama anayeita watu waje kuzima moto.

Sasa ule ubishi wa chai ulikuwa umemgeukia yeye. Kama fundi ndiye mkweli, basi maneno ya mama, kama yalikuwepo, yalishafunikwa na ya wagonjwa kumi na mmoja waliolala pale baada yake. Kama Shangazi ndiye mkweli, basi shuka zikinyamaza, mama alilala kweli. Na zikisema, mama aliita na hakujibiwa. Mpiga pasi, ambaye siku zote alikuwa upande wa Shangazi, alianza kumwombea fundi ashinde.

Shuka ya kwanza ya kitanda cha nne ilikuja na kapu la Jumatatu. Aliipiga pasi mbele na nyuma, haikusema neno. Siku hiyo alikula chakula chake chote. Ya pili ilikuja wiki iliyofuata, ikalalamika kwa sauti ya kijana kwamba mto umejaa mawe. Fundi alisema si mnaona, wa mwisho huyo, na mpiga pasi akamkubalia haraka kuliko ilivyo kawaida yake.

Ya tatu ilikuja imechanika, ikapitia kwanza kwenye cherehani. Shangazi aliitia kiraka, akasoma mhuri, akaileta mwenyewe mikononi, akasimama pembeni ya meza.

Pasi ilipofika kwenye pindo, shuka ilisema:

"Nesi. Nesi we, nabonyeza kengele hii, hailii. Mwanangu yuko hapo chini, anapiga pasi. Si mwende mkamwite. Si mbali."

Mpiga pasi aliendelea mpaka mwisho wa pindo, kwa sababu mkono ulikuwa umeshaanza safari. Kisha ukasimama. Ilimuuma. Ilimuuma hasa pale kwenye "si mbali", kwa kuwa kweli haikuwa mbali, ngazi zilikuwa thelathini na nne na alizipanda kila Ijumaa na makapu kichwani. Alilia bila sauti, na machozi yaliyodondokea shuka yakafuka mvuke. Fundi alikwenda kufunga bomba la boila ili lisipige kelele. Aliporudi, kwa upole ambao hakuna aliyeujua kuwa anao, akaeleza kwamba mara moja si ushahidi.

Mpiga pasi akaipiga mara ya pili, na ya tatu. Mama akaita mara ya pili, na ya tatu, kwa maneno yale yale. Fundi alitoa simu yake na kufuta kila alichoandika kwenye kundi tangu sura ya tatu.

"Umeshinda, Shangazi," alisema.

Shangazi hakuwa na uso wa mshindi. Alimshika mpiga pasi kiwiko.

"Usimjibu kwanza, mwanangu. Ukimjibu atanyamaza, na hapo hatuna shahidi."

Basi wakapanda kwa katibu wa hospitali, mmoja na shuka, mmoja na pasi, mmoja na ubao wa kupigia. Katibu alichomoa birika lake ili wapate umeme. Alisikiliza mpaka mwisho, akiwa ameinamisha kichwa, kama mtu anayesomewa muhtasari wa kikao. Alipoinua kichwa aliuliza wamefika sura ya ngapi.

Yeye alikuwa ameshamaliza, na mara mbili. Na alikuwa na rai yake: ukuta hauna kitu ndani mpaka uguswe. Mkono ndio unaoileta sauti, na kabla ya mkono hakuna anayeita. Fundi hakuweza kuiacha hiyo ipite. Wakabishana karibu saa nzima, kwa adabu, sura kwa sura, na kengele ya wadi ya sita ikatajwa mara mbili. Kuhusu kengele, katibu alisema waya zililiwa na panya mwaka juzi. Ombi la matengenezo lilipelekwa, likarudishwa, kwa kuwa fomu inataka sahihi ya mlalamikaji na mlalamikaji wakati huo alikuwa ameshafariki. Alimkabidhi mpiga pasi fomu mpya. Kuhusu cheti, alisema kamati ya malalamiko inakaa baada ya wiki saba, na shuka iletwe siku hiyo, ikiwa imefungiwa, na mtu yeyote asiijibu.

"Wiki saba zote hizo," mpiga pasi akauliza, "atakuwa anaita?"

"Hawezi kuita kama hapigwi pasi," alisema katibu, akarudisha waya wa birika.

Kwenye ngazi Shangazi alisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Mpiga pasi aliifungia shuka katika kabati la wanga. Fundi, akidhani anasaidia, alilipeleka swali kwenye kundi: Mpangaji akiwa hayupo, ukuta huwa unaita? Kabla ya mchana kulikuwa na majibu mia nne. Wengine walisema hapana, bila msikilizaji hakuna sauti. Wengine walisema unaita usiku na mchana, na mkono ni sikio tu. Siku ya tatu akajitokeza mmoja wa waliotengeneza gemu, akaandika kwamba hilo hawakuwahi kulifikiria, na kwamba wanawashukuru wapenzi wote.

Siku ya tisa mpiga pasi alifungua kabati, akaweka kiganja kwenye shuka ikiwa baridi. Hakusikia kitu. Hilo halikumtuliza. Siku ile saa nne na robo pia hakusikia kitu.

Alihesabu wiki zilizobaki, zilikuwa sita, akazikataa. Wenzake walipokaa kunywa chai yeye aliwasha pasi. Shangazi aliona, akaweka kikombe chini, akatazama pembeni. Fundi alifungua kinywa kukumbusha habari ya shahidi, akakifunga. Mama akaita nesi, akasema kengele hailii, akasema mwanangu yuko hapo chini, akasema si mbali.

"Nipo, mama," alisema mpiga pasi. "Nimekuja."

Shuka ilikaa kidogo. Halafu ikasema, "Haya," kama mtu aliyewekewa mto vizuri, na baada ya hapo ikawa pamba. Fundi aliwaza sana juu ya lile "haya", kwa sababu hakuna kanuni hata moja iliyolitaja, lakini kwenye kundi hakuliandika.

Kamati ilikaa siku iliyopangwa, watu saba na jagi la maji. Shuka iliwekwa mezani, ikapigwa pasi mara nne. Katibu, mtu wa haki, alieleza kwamba yeye binafsi aliwahi kuisikia. Muhtasari uliandika kuwa shahidi hakutoa maelezo, na cheti kikabaki kama kilivyo. Chini ya mengineyo, kamati ilibaini kwamba nguo za wadi ya sita zina maneno mengi kuliko za wadi nyingine zote, na kwa hiyo, ili kupunguza matumizi ya umeme, iliagiza zisipigwe pasi tena. Funika kombe mwanaharamu apite. Ile fomu mpya ya kengele, aliyoitia sahihi mpiga pasi kwa niaba ya marehemu, ilirudishwa kwa kuwa sahihi haikufanana na ya marehemu.

Mpiga pasi alisoma agizo, akalibandika ukutani juu ya meza yake. Wakaanza sura ya sita. Shuka za wadi ya sita sasa hukaushwa, hukunjwa na kupandishwa juu hivyo hivyo, na kwa kuwa mhuri ni mhuri, ile yenye kiraka ilirudi kitanda cha nne.

Aliyelazwa juu yake ni mwalimu mstaafu, mtu wa mambo yaliyonyooka. Asubuhi moja alihisi makunyanzi yanamchoma mgongoni, akaona si vibaya kumwambia mtu. Kitufe cha kengele kiko karibu na kichwa, kimelainika kwa vidole vya wengi, na kinazama vizuri ukikibonyeza. Akakibonyeza, akangoja, akakibonyeza tena.

"Nesi," alisema.

Chini, mashine zilikuwa zimezimwa. Ilikuwa saa nne na robo, wakati wa chai.