Uchochoro wa Phulmaya

Saa sita kasorobo mchana Phulmaya Ghising aliiingiza tempo yake kinyumenyume katika yadi ya kuchajia betri ya Sinamangal, akazima, akashuka na bakuli lake la chiura, ule mchele uliopondwa bapa, na viazi vya bizari. Wanaume wawili wa yadi walivuta betri zilizochoka, wakasukuma ndani zilizojaa. Kazi yao ilichukua dakika saba. Phulmaya alikula kwa dakika sita, na ile ya saba akafuta kioo. Ndivyo alivyofanya kila siku kwa miaka ishirini na mitano, akikosa siku nne tu: mbili za kujifungua na mbili za tetemeko la ardhi.

Tempo ni gari la magurudumu matatu, kubwa kuliko bajaji, lenye mabenchi mawili ambamo abiria kumi hukaa wakitazamana. Anayetaka kushuka hugonga paa kwa sarafu. Zile za Kathmandu zinazotumia umeme huendeshwa zaidi na wanawake, na hazina bomba la moshi kwa sababu hazina moshi.

Mbele ya lango alisimama Ashmita Rajbhandari, mhandisi wa miaka ishirini na saba, barakoa usoni, kipima vumbi shingoni, fomu mkononi. Alikuwa ameajiriwa na mradi wa kutafiti teknolojia mpya za usafiri safi katika miji inayokua. Wafadhili walikuwa ng'ambo, na ofisi ya mradi ilikuwa ghorofa ya nne, madirisha yamefungwa kwa ajili ya vumbi.

"Dada, nina maswali kidogo," alisema.

"Kidogo ni mangapi?"

"Arobaini na moja."

"Panda hapa mbele, mdogo wangu. Utauliza tukienda. Na nauli utalipa kama watu wengine."

Ulikuwa mwezi wa Chait, wakati vumbi la bondeni halijaoshwa na mvua hata moja, na milima ya theluji watu huijua kwa kusimuliwa. Kipima vumbi kilikuwa kimepanda tangu asubuhi. Walipofika kituo cha tatu Ashmita alishuka kupisha abiria, akasimama nyuma ya tempo, akakiangalia tena. Kilisoma sifuri. Alikigonga kwa kidole. Sifuri. Akapiga hatua moja kushoto, namba zikarudi juu; akapiga hatua moja kulia, zikashuka.

Nyuma ya tempo ya Phulmaya hewa ilibaki safi. Ulikuwa uchochoro wenye upana wa mita moja na nusu, kingo zake zimesimama wima kama kuta, nje vumbi la kahawia, ndani hamna kitu. Ulianzia Sundhara na kuishia Sinamangal, ukikata kona pale Phulmaya alipokata kona. Ukisimama ndani yake na kutazama kaskazini, uliona kipande cha mlima wenye theluji, chembamba, kimenyooka.

Watu wa njia ile walishauzoea. Kina mama walianika nepi humo. Mzee Asta Narayan Shilpakar, seremala mwenye kifua kibovu, alikuwa ameweka kigoda chake ndani ya uchochoro na meza yake ya kazi nje, akawa anaranda mbao kwa kunyoosha mikono. Mwalimu mmoja aliwapitisha wanafunzi wake humo kwa mstari. Askari wa barabarani, ambaye jukwaa lake lilikuwa hatua mbili pembeni, alielekeza magari kutoka mahali pasipo jukwaa, na madereva walijua wamtafute wapi.

Ashmita alivua barakoa, akaikunja, akarudi kiti cha mbele.

"Umeanza lini huu?"

"Uchochoro? Mwaka wangu wa tano barabarani hivi, au wa sita. Ulikuwa mwembamba kama uzi. Ukipita mahali pamoja mara nane kwa siku, mahali panakuzoea."

"Na tempo nyingine?"

"Nazo zinaacha. Ila wenzangu wanabadili njia, basi zao hazijakomaa. Mimi sibadili njia. Mume nimebadili, njia hapana."

Abiria walicheka. Mmoja akagonga paa, akashuka ndani ya uchochoro, akaenda zake.

Fomu haikuwa na nafasi ya jambo hilo. Ashmita aliliandika nyuma, chini ya Maoni Mengineyo, pamoja na vipimo vyake. Swali la tisa liliuliza mwaka ambao teknolojia iliingia barabarani, naye akajaza 2055, kama ambavyo mtu yeyote wa mji ule angejaza. Kwa kalenda ya Nepali, siku hiyo walikuwa mwaka 2080.

Karibu na Sundhara Phulmaya alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne kutoka kwenye kishubaka cha dashibodi. Ilikuwa barua. Kanuni ilisema gari la abiria lililozidi miaka ishirini liondoke barabarani, na yeye alipewa mpaka sikukuu ya Dashain. Kanuni hiyo ilitungwa kwa ajili ya mabasi makuukuu yaliyotapika moshi mweusi mchana kutwa, na ilitungwa kwa nia njema. Lakini ilihesabu miaka, haikuhesabu moshi.

"Hiyo karatasi yako inaweza kuwaambia?" Phulmaya aliuliza.

"Ndiyo kazi yake, dada."

Ashmita aliamini alichosema. Siku kumi na sita alipanda tempo ile kuanzia asubuhi mpaka jua linazama, akipima. Alimwona Phulmaya akisimama katikati ya mteremko kumsubiri mama mwenye mtungi wa gesi, akimfokea kijana aliyekalia kiti cha mjamzito hadi kijana akasimama na kuomba radhi kwa benchi zima, akijua kwa mlio wa sarafu kwenye paa ni nani anashuka na kama ana haraka. Alimwona akirudi yadini na chaji iliyobaki kidole kimoja, bila kukwama hata mara moja. Ashmita alikuwa amesoma uhandisi miaka minne na hajapata kuona chombo na mtu vikielewana namna ile. Alimpenda, na katika ripoti hilo lilionekana, ingawa aliliandika kwa majedwali.

Ripoti ilikwenda ng'ambo. Ilirudi wakati wa mvua, imechapwa kwa karatasi ya kung'aa, picha ya tempo kwenye jalada. Wafadhili walikuwa wamefurahi kupita kiasi. Katika teknolojia zote zilizotafitiwa katika miji kumi na miwili, hakuna iliyowagusa kama ile ya Kathmandu. Haina moshi, haina kelele, inaendeshwa na wanawake, inasafisha hewa inakopita. Kurasa kumi na mbili walizitoa kwa sifa tupu, na kila sifa ilikuwa ya kweli. Sura hiyo iliitwa Tumaini la Mwaka 2055. Dunia, walisema, isubiri kwa subira na ijiandae.

Ashmita alisoma akiwa amesimama. Kisha akaenda mezani kwa mkuu wake, Bwana Chudamani Upreti.

"Mkuu, hii 2055 ni ya kwetu. Kwao ni 1998. Wamedhani haijaja."

"Nimeona."

"Na tempo ipo. Nimeipanda."

"Hata mimi niliipanda, nikienda chuo. Yule mama aliniwahisha mtihani." Bwana Chudamani alitabasamu kwa kumbukumbu hiyo, akafuta miwani.

"Basi tuwaandikie."

"Tuwaandikie kwamba walichokisifu kurasa kumi na mbili ni kikongwe? Soma kibao cha mlangoni, binti. Teknolojia mpya. Ya zamani haina fungu. Unataka wote tumwage unga?"

"Na dada Phulmaya?"

"Kanuni si ya kwetu. Ni ya ofisi nyingine."

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, lakini wahenga hawakuwahi kujaza fomu. Ashmita aliandika barua mwenyewe, bila kumwambia mtu. Wafadhili walimjibu kwa adabu ndani ya wiki moja. Walimshukuru kwa umakini wake, wakasema kosa limesahihishwa, na kweli toleo la pili lilisomeka: mnamo mwaka 2055, au mapema kidogo.

Akaichukua ripoti, wakaenda yeye na Phulmaya katika ile ofisi nyingine. Karani aliifungua, akatazama picha, akamtazama Phulmaya, akatazama picha tena.

"Ni yenyewe," alisema. "Mama yangu anaipanda. Anasema bila ule uchochoro wako angeshakufa."

"Msalimie," alisema Phulmaya.

"Lakini hapa imeandikwa inakuja. Ikija, leteni maombi, mimi mwenyewe nitagonga mhuri. Hii ya sasa imezidi ishirini." Aliirudisha ripoti kwa mikono miwili, kama inavyorudishwa kitu cha thamani. Hakuwa mtu mbaya, na hilo halikusaidia.

Phulmaya alilia kwenye ngazi, mara moja tu, akiwa ameshika reli. Kisha akajipangusa kwa ncha ya shali, akasema wamechelewa, watu wanasubiri.

Siku ya tisa ya Dashain kila mwenye chombo hukifanyia ibada ili kisimuue mtu mwaka mzima. Wenye malori huchinja mbuzi. Madereva wa tempo wa Sinamangal hupasua boga, kwa sababu Phulmaya alisema zamani kwamba gari lisilonuka halipendi kunukishwa damu. Mwaka huo alileta boga kama kawaida, akaipaka tempo rangi nyekundu kwenye taa, akaivisha shada la maua ya njano.

"Dada, haisafiri tena," mwenzake mmoja alimkumbusha, kwa upole.

"Imesafiri," alisema Phulmaya, akapasua.

Sikukuu ilipokwisha, yalikuja mabasi mapya ya dizeli, marefu, yenye mapazia. Uchochoro ulidumu siku tatu. Siku ya kwanza nepi zilitoka nyeupe. Ya pili, kijivu ubavuni. Ya tatu mzee Asta Narayan alikuwa ameshikilia magoti yake juu ya kigoda, akivuta pumzi kwa mlio.

Siku ya nne, saa kumi na mbili asubuhi, Phulmaya alitoka Sundhara kwa miguu, mwavuli kwapani. Alipita palepale alipopita siku zote, kona kwa kona, akisimama kidogo kwenye kila kituo. Mabasi yalimpigia honi. Askari wa barabarani aliyanyooshea mkono, yakasubiri. Nyuma yake hewa ilifunguka tena, upana wa mabega yake.

Kwa miguu hawezi mara nane. Anaweza mara mbili, goti likikubali. Ashmita amepima: sentimita hamsini na mbili. Mzee Asta Narayan aligeuza kigoda chake, sasa anakaa ubavuubavu, na wanafunzi wa yule mwalimu hupita mmoja mmoja, mikoba wakiibeba kichwani.

Mwezi wa Mangsir, baridi ikianza, wafadhili walikuja kupaona mahali ambapo tumaini litaanzia. Walikuwa saba, wenye viatu vizuri. Walipanga mstari ndani ya uchochoro, wakavua barakoa, wakavuta hewa, na mmoja wao machozi yakamtoka alipouona ule mlima. Walimpa Phulmaya mikono kwa heshima ya kweli. Mama mmoja mwenye nywele nyeupe akamwomba Ashmita amuulize kama angetamani kuwapo siku tempo hiyo itakapoingia barabarani kwa mara ya kwanza, mwaka 2055.

Ashmita alitafsiri neno kwa neno.

"Nilikuwepo," alisema Phulmaya. "Mvua ilinyesha kutwa, na nilikuwa na mimba ya miezi saba."

Ashmita alitafsiri na hilo pia, neno kwa neno. Wageni waliandika. Kisha Phulmaya akatazama saa, akahamisha mwavuli kwapa la pili, akawaomba wamwachie nafasi kidogo, maana walikuwa wamesimama njiani.